Kompyuta Yangu Inamkaribisha Everlyne

Ijumaa, asubuhi. Ukungu umekalia mabati ya mtaa wetu wa Pioneer tangu kupambazuke, na nguo nilizoanika juzi bado zinadondosha maji. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Moyo ndio una moto, na si moto wa upendo.

Nina hasira. Nilitaka kuanza kwa maneno mazuri zaidi kwa sababu tuko kwenye msiba, lakini blogu hii ni kwangu, na kwangu sisemi uongo. Ni hasira iliyotulia, ya mtu ambaye ameshapata alichokuwa akikiwinda na sasa anakitafuna polepole.

Nyuma yangu printa inatoa programu za mazishi ya Shangazi Norah. Kesho tunamzika kwake Turbo. Sebuleni, upande wa pili wa ukuta, wifi yangu Everlyne anakunywa chai yangu. Ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo namsikia akipuliza kikombe.

Acha apulize.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi huchapa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi yangu, na dirisha linatazama pale bodaboda husubiri abiria. Nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na kazi za wanafunzi wa chuo kule Chepkoilel ambao huamka siku ya mwisho. Lakini kinachonilisha hasa ni mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi bila programu: picha yake mbele, utaratibu wa ibada ndani, nyimbo, halafu wasifu, yaani maisha yake yote pamoja na majina ya aliowaacha. Hayo majina ni vita. Nani katajwa kwanza, nani katajwa bila mume wake, nani katupwa kwenye "na wengine wengi". Nimeona mtu mzima akikataa kubeba jeneza la ndugu yake kwa sababu ya "na wengine wengi".

Kwa hiyo nikisema wiki hii nilinyang'anywa wasifu wa Shangazi Norah, mnielewe. Nilikuwa nimenyang'anywa Shangazi mwenyewe.

Shangazi Norah alikuwa dada ya marehemu baba mkwe wangu. Hakujaliwa watoto. Alifundisha chekechea mpaka akastaafu, na hakuwahi kumchapa mtoto hata mmoja. Mkate wa mtu ukipotea darasani, alikuwa anasimama mbele na kusema, "Aliyekula anajijua." Basi. Halafu anaangalia dirishani na kungoja. Alituambia hakuwahi kungoja sana, kwa sababu mwenye makosa alikuwa anaanza kulia mwenyewe bila kuguswa.

Nilipoletwa kwenye hii familia, wengine walinipima kwa macho kama gunia la mahindi linaloshukiwa kuwa na unyevu. Yeye aliniuliza tu kama najua kupika chai isiyo na maji mengi. Nikasema najua. Ikawa imeisha hivyo, nikawa mtu wake.

Ndiye aliyenishika mkono siku chuo kimoja mjini kilipokuwa kinauza kompyuta zake kuukuu. Alipita akigonga sanduku moja baada ya jingine kama mtu anayechagua tikitimaji, akasimama kwenye hii, akasema hii ina sauti ya kitu kizima. Kisha akaifumia kitambaa. Kila nyumba huku ina vitambaa vya kufuma, juu ya makochi, juu ya meza, juu ya televisheni, hata juu ya redio iliyokufa zamani. Cha kompyuta yangu kilikuwa cheupe chenye maua ya zambarau pembeni, kizito, kinalifunika sanduku lote mbele na nyuma. "Kitu cha maana hakiachwi uchi," alisema.

Alikuwa akija kunitembelea anavuta stuli na kusoma wasifu wa watu huku nikiuchapa. "Mpole? Nani alikuwa mpole? Huyo nilimjua, alikuwa anatupia watoto viatu. Andika alikuwa na msimamo." Tulicheka mpaka wateja wakawa wanasita mlangoni, wasijue kama hapa ndipo panapochapwa mambo ya wafu.

Alikuwa na sheria moja. Mwenye kuandika hajiandiki. Alisema anayeshika kalamu akianza kujitaja mwenyewe, hata ukweli wake unanuka. Nilidhani ni maneno ya kupitisha chai. Sikujua siku moja yatanibana.

Alipougua tulimlaza hospitali ya misheni kule Plateau. Sitaeleza mengi. Mimi ndiye niliyekuwa naenda na uji na kurudi na nguo za kufua, kisha naenda tena. Nilijua alale upande gani ndio asiumie. Nilimkata kucha. Everlyne alikuja kutoka Nakuru mara moja, akaleta zabibu, akapiga picha naye, akaiweka kwenye kundi la familia na maneno ya Kiingereza na mioyo mingi. Kabla hata hatujamenya ndizi nilizobeba akasema anakimbilia gari.

Shangazi alikula zabibu moja. Akasema ina mbegu.

Wiki iliyopita alituacha.

Everlyne akaja kwa msiba, na kwa kuwa yeye ni dada ya mume wangu, alifikia kwetu. Sina neno juu ya hilo, ndiyo desturi. Jumapili sote tulienda Turbo kusafisha boma. Yeye alibaki, kichwa kilikuwa kinamuuma. Sasa, kompyuta yangu ilikuwa imekaa miezi mingi ikinionyesha tangazo kwamba mfumo wake umezeeka, hautahudumiwa tena, niweke mpya. Kila mara nilibonyeza "baadaye". Mashine nzee naijua kama ninavyomjua mume wangu, usiishtue ikiwa imekaa vizuri. Everlyne aliiwasha kutafuta sijui nini, akakutana na lile tangazo, akakubali.

Tuliporudi alinipokea mlangoni. "Nimekufanyia upgrade, Mama Faith. Ungekaa na hiyo ya kizamani mpaka lini?" Sauti ilikuwa ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Asubuhi yake niliwasha mashine nianze wasifu. Kaduara kakazunguka kwenye skrini. Nikaenda nikachemsha maziwa, nikarudi, kaduara kanazunguka. Nikatandika vitanda, nikarudi, bado. Mwishowe skrini ikafunguka ikiwa na picha ya milima nisiyoijua, na maneno makubwa katikati: Karibu, Everlyne.

Chumba changu. Meza yangu. Kitambaa cha Shangazi juu ya sanduku. Karibu, Everlyne.

Kumbe mfumo mpya ulipoomba akaunti ya mwenye mashine, yeye aliweka yake. Na nilipoanza kuchapa, nikibonyeza herufi inakaa huko kwanza, halafu inajitokeza kama imetembea kwa miguu kutoka Nakuru. Nilichapa "Norah", nikapata "Nor", nikasubiri "ah" mpaka machozi yakanitoka. Kwenda mtandaoni nikatafute dawa, nikakuta bando limeisha. Wifi alikuwa amemaliza wifi. Siku nyingine ningecheka.

Jumanne kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwetu. Mwenyekiti ni Mzee Barasa, mdogo wake Shangazi, mtu wa maneno machache. Alipofika kwenye programu nikaeleza kwamba mashine imekuwa nzito tangu ibadilishwe mfumo, wanipe muda kidogo. Everlyne akasimama.

"Mzee, mimi namheshimu sana Mama Faith, lakini ile computer yake ni ya museum. Niko na mtu Nakuru, ana-design full colour. Hata draft niko nayo hapa."

Alikuwa nayo tayari. Akaisoma kwenye simu kwa sauti ya kanisani. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu mpaka alipofika hapa: "Alipougua, aliuguzwa kwa upendo na mpwa wake Everlyne hadi pumzi ya mwisho."

Nilimwangalia mume wangu. Baba Faith alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikujua viatu vyake vina mambo mengi hivyo.

Mtaniuliza kwa nini sikusema kitu. Ningesema nini? Mtu hasimami kwenye msiba akaanza kudai uji wake. Ukisema "ni mimi niliyemuuguza", papo hapo unakuwa mwanamke anayejivunia mgonjwa. Everlyne alilijua hilo vizuri kabisa, ndiyo sababu alisoma bila kupepesa macho.

Mzee Barasa akakohoa. Akasema, "Alhamisi tukutane tena. Kila mwenye program alete, tutachukua ile imekamilika. Na isikuwe na makosa ya spelling. Norah alikuwa mwalimu."

Niliondoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani. Ile mashine itapona, na hayo maneno ya Everlyne hayatasomwa juu ya kaburi la Shangazi. Mengine nitajua mbele.

Jumatano nilimpigia fundi wa mjini. Akasema nilete Jumatatu. Jumatatu Shangazi atakuwa ameshazikwa na uongo umeshasomwa. Nikafunga mlango wa ofisi, nikavaa sweta mbili, nikaanza mwenyewe.

Cha kwanza ilikuwa kumtoa Everlyne. Nikanunua bando jipya, nikafungua akaunti kwa jina langu. Nikakuta kumbe mashine yangu ilikuwa inafanya kazi yake usiku na mchana: tangu aingize akaunti yake, picha zake zote zilizohifadhiwa mtandaoni zilikuwa zinateremshwa humu moja moja. Harusi za watu. Sahani za chakula. Kucha zake zikiwa zimepakwa rangi mpya. Ndizo zilizomaliza bando, ndizo zilizokuwa zinaisaga diski wakati mimi nasubiri "ah".

Ukitaka kuzifuta, mashine inakuonya: ukifuta hapa, zitafutika kila mahali. Kwenye simu yake pia. Zote.

Kidole kilikaa juu ya kitufe. Siwezi kusema ni wema ulionizuia. Niliona ile picha ya hospitali. Kwenye kundi la familia ilikuwa imekuja ndogo na yenye ukungu, lakini hii ilikuwa yenyewe, safi. Everlyne mbele amejaza uso, na nyuma yake Shangazi anacheka, kicheko chake kamili na pengo lake likionekana. Hakuna mwingine kwetu aliyekuwa na picha kama hiyo. Tulikuwa tumeshakubaliana tuweke mbele ile ya kitambulisho, ambayo amekaa kama amekamatwa. Nikainakili hiyo moja. Halafu nikaikata akaunti yake kutoka kwa mashine yangu, na picha zake nikamwachia huko huko mtandaoni.

Mashine ikapumua kidogo.

Nikafungua mahali panapoonyesha vitu vinavyoamka pamoja na mashine kila unapoiwasha. Vilikuwa vimejaa kama wageni wa matanga, hakuna aliyeitwa na kila mmoja anataka chai. Kuna kinachotaka kunieleza hali ya hewa. Hali ya hewa naiona dirishani. Nikakizima. Kuna kinachotaka kunisaidia kuongea na watu kwa video. Nikakizima. Kuna michezo ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Kila nilichokizima nilikuwa nasema moyoni, na wewe Everlyne, na wewe, na wewe. Nikazima madirisha yanayong'aa na yanayoteleza kwa madaha yakifunguka, kwa sababu mimi nachapa, siendi maonyesho. Mfumo wa zamani ulikuwa bado umekaa kwenye diski ukila nafasi bila kazi. Huo niliufuta kwa uchungu. Tulikuwa tumezoeana.

Mashine iliponiambia bado kuna marekebisho yanashuka, nikaiacha imalize huku nikifua. Niliporudi ilifunguka vizuri. Nikachapa ukurasa mzima. Nikaanza kuimba.

Halafu ikalemaa tena. Feni ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima wa Timboroa, na herufi zikarudi kule kule Nakuru.

Nikalifungua sanduku. Vumbi nililokuta humo ndani ni barabara yote ya Pioneer kuanzia Januari. Nikalitoa kwa mswaki mkuukuu. Nikakimbia mjini nikanunua kipande cha memori cha kuongezea, nikakipachika, ikakataa kuwaka na kulia pii pii. Nikakitoa, nikakisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa binti yangu Faith kama nilivyoona mafundi wakifanya, nikakirudisha. Ikawaka. Nikaifunga, nikaitandikia kitambaa chake vizuri, nikaketi.

Dakika chache ilikwenda kama upepo. Kisha lori likaanza kupanda mlima.

Nilimtukana Everlyne kwa sauti. Maneno yenyewe siyaandiki. Nikalipiga sanduku kofi, na mkono ukaungua. Juu ya kile kitambaa palikuwa moto kama jiko. Nikakiinua, na hewa iliyotoka chini yake ilinipiga usoni.

Nilielewa polepole, na sikutaka kuelewa. Sanduku lina matundu ya kupumulia mbele na nyuma, na yote yalikuwa yamefunikwa. Mfumo wa zamani ulikuwa mwepesi, ulikuwa unatembea tu. Huu mpya unaifanyisha mashine kazi ngumu, inatoa jasho, na ikizidi kupata moto inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Nilikiweka kitambaa kando. Feni ikashusha sauti. Nikachapa "Norah" na jina likatokea chini ya vidole vyangu, herufi zote, papo hapo.

Nilikaa na kitambaa mapajani kwa muda.

Haya basi, niseme. Sehemu ya kosa ilikuwa ya Shangazi, aliyeifunika kwa kuipenda, na yangu mimi niliyekitandika kila siku kwa kumpenda yeye. Everlyne hakuiua mashine yangu peke yake. Hilo halitatoka kinywani mwangu mbele yake, hata iweje. Ningependa pia kuandika kwamba hapo hasira ilipungua. Haikupungua. Mtu aliyejiandikia kumuuguza Shangazi haokolewi na kitambaa.

Nikachapa. Alikozaliwa, shule alizofundisha, watoto aliowafundisha mpaka wakaleta watoto wao. Niliandika kwamba hakuwa mpole, alikuwa mkweli, na kwamba aliipenda chai isiyo na maji mengi. Nikafika kwenye majina. Nilipofika kwa Everlyne nikamtoa, nikaandika "na wengine wengi", nikarudi nyuma kwenye kiti nikalitazama.

Lilikuwa tamu, sitadanganya.

Lakini nikafikiri. Angelia mbele ya watu. Angeshikwa mabega na akina mama. Mimi ndiye ningeonekana nyoka. Kisasi cha "na wengine wengi" ni cha watu wavivu. Nikamrudisha, jina lake kamili, mahali pake panapostahili kwa kuzaliwa, bila kosa la herufi.

Nikachukua picha. Nikaukata uso wa Everlyne kwa furaha kubwa. Akaisha kabisa isipokuwa kiganja, kile alichokuwa amemshika nacho Shangazi begani, kucha nyekundu. Nilijaribu kukitoa kila namna. Ukikata kiganja unakata bega. Nikakiacha.

Ukabaki ule mstari wa ugonjwa. Nikaandika "Alipougua, aliuguzwa na" na hapo nikakwama. Kimstari cha kuandikia kwenye skrini kikawa kinapepesa, kinanisubiri, na mara hii mashine ilikuwa na kasi, mwenye kuchelewa nilikuwa mimi. Jina langu lina herufi chache. Nani angenilaumu? Kila aliyefika Plateau alinikuta pale. Lakini mwenye kuandika hajiandiki. Nilimkasirikia hata yeye, marehemu, kwa kuniachia sheria badala ya shahidi.

Halafu nikamwona amesimama mbele ya darasa la watoto, mkate umepotea.

Nikaandika: "Alipougua, aliuguzwa na waliomuuguza. Wanajijua."

Jana kamati ilikaa tena. Everlyne alipitisha simu yake. Programu ya Nakuru ilikuwa na njiwa, na mawingu, na waridi, na jina la Shangazi limeandikwa Nora, bila ile herufi ya mwisho aliyokuwa akiipigania maisha yake yote. Mimi nilimpa Mzee Barasa karatasi, nakala moja tu. Alisoma kwa kidole. Kidole kilifika mahali kikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akavaa, akasoma tena pale pale.

"Hii ni Norah anaongea," akasema. "Ipigwe chapa hii."

Baba Faith ndipo akainua macho kutoka kwa viatu.

Asubuhi hii Everlyne aliingia humu na kikombe mkononi kabla sijaanza kuandika haya. Akachukua nakala ya kwanza iliyotoka. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akagusa karatasi pale penye kucha nyekundu. Akafungua ndani. Nilijua amefika kwenye mstari kwa sababu aliacha kupuliza chai.

"Mama Faith," akasema, "hapa kwa waliomuuguza. Si ungeweka tu majina, ndio watu wajue?"

"Sawa," nikamwambia, na nikaufungua ule ukurasa mbele yake. Ulifunguka mara moja, bila kaduara. Nikaweka vidole tayari. "Niambie niweke nani."

Kimstari kilipepesa. Nje bodaboda iliwashwa ikazimika. Nilikuwa nimejiapiza kwamba akisema "mimi", nitachapa. Nitalichapa jina lake bila neno na kesho asomewe. Alinitazama, akatazama sanduku lililokaa uchi bila kitambaa, akatazama kikombe.

"Basi wachana nayo," akasema. Akarudi sebuleni.

Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Nakiandika hapa nisije nikajifanya siku moja kwamba nilimhurumia.

Ila kuna kile kiganja. Printa inaendelea kutoa nakala na kila nakala inakuja nacho, begani pale pale, na Shangazi anacheka. Kama si Everlyne kumchekesha siku ile, tungemzika na ile sura ya kitambulisho. Je, zabibu moja ni kuuguza? Picha moja? Sijui. Mwenye kujua amelala mochari, na kesho kitambaa chake cheupe kitatandikwa chini ya picha hiyo, mezani, mbele ya watu wote.

Mwenye kusoma wasifu atafika kwenye mstari ule kwa kipaza sauti. Everlyne atakuwa mstari wa mbele kama inavyompasa, amevaa miwani yake ya jua. Darasani, Shangazi hakuwa akimwangalia mtoto yeyote. Alikuwa anaangalia dirishani na kungoja.

Nami kesho nitaangalia miti ya Turbo, na kungoja.